Chuo kiko Masoro, foleni inaanzia Rusumo

JUMAMOSI iliyopita asubuhi, kabla sijamaliza chai, mlango wangu hapa Kimironko uligongwa. Alikuwa ni mama mmoja mfanyabiashara wa Rusumo, mtu tunayejuana tangu Karagwe, kwani wazazi wetu walichunga ng'ombe pamoja huko ukimbizini. Nyuma yake alisimama kijana mrefu, mtoto wa marehemu kaka yake, aliyenisalimu "shikamoo Mwalimu" kwa lafudhi ya Kagera ambayo miaka yote ya Rwanda haijaifuta. Mama alikuwa na bahasha ya kaki. Aliiweka mezani kama mtu anayeweka mzigo wa forodha.

"Mwalimu," akasema, "wewe umesoma kule na umesoma huku. Hebu zisome hizi karatasi uniambie kijana wangu amekosa nini. Chuo chenyewe nasikia kiko hapa hapa Masoro, hata basi mbili hazihitajiki."

Chuo anachokisema ni tawi la Afrika la Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon cha Marekani. Kijana amemaliza shahada yake ya kwanza ya uhandisi katika chuo kimoja cha hapa nchini, kwa alama za kuridhisha sana, na msimu uliopita alipeleka ombi. Nilizipitia karatasi zote, moja moja. Nilichogundua kilinisikitisha kuliko kama angekuwa amekataliwa. Kijana huyu hakukataliwa. Ombi lake halikukamilika: barua moja ya mdhamini haikutumwa hadi siku ya mwisho ikapita, na jina lililo kwenye matokeo yake ya chuo haliko sawa na lile la pasi ya kusafiria. Maana yake ni kwamba hakuna mtu aliyekaa mezani akapima akili yake akaona haitoshi. Hakufika kwenye meza hiyo.

Nimeona niandike juu ya jambo hili kwa sababu wasomaji wengi wa kurasa hizi ni watu wa aina ya mama huyu: waliorudi, au wanaoishi kwa kuvuka mpaka, na wenye watoto ambao vyeti vyao vimeandikwa katika nchi mbili au tatu. Tunasikia kila siku kwamba nchi inataka wahandisi. Basi tuutazame mlango wenyewe.

Itakumbukwa kuwa serikali ya Rwanda ilitiliana saini makubaliano na Carnegie Mellon Septemba 2011. Wanafunzi wa kwanza walianza mwaka 2012, wakiwa wachache sana, katika jengo la Telecom House kule Kacyiru. Waliotangulia walihitimu mwaka 2014. Mwaka 2019 chuo kikahamia majengo yake Masoro, wilaya ya Gasabo, kwenye eneo lililopewa jina la Kigali Innovation City, na Benki ya Maendeleo ya Afrika ikiwa miongoni mwa waliogharamia mradi huo. Si chuo cha kuiga cha Marekani. Ni sehemu ya kitivo cha uhandisi cha Pittsburgh, na cheti kinachotolewa hapa ni kile kile cha kule.

Wazazi wengi hawajui kwamba chuo hiki hakipokei watoto waliotoka S6. Kinatoa shahada ya uzamili: teknolojia ya habari, uhandisi wa umeme na kompyuta, na hivi karibuni uhandisi wa akili mnemba. Aingiaye pale lazima awe na shahada ya kwanza tayari. Nimewahi kufuatwa na baba mmoja wa Kirehe aliyeuza ng'ombe wawili ili binti yake "apelekwe kwa Wamarekani" wiki moja baada ya matokeo ya S6. Nilimrudisha nyumbani na fedha zake. Ng'ombe ndio hivyo tena.

Wanafunzi wake wote hata leo ni mia chache tu, nao wanatoka katika nchi nyingi za Afrika. Kijana wa Rwanda anashindana na wa Nigeria, Ghana, Kenya, Uganda, Ethiopia, na wengi wao wamesoma vyuo vikubwa vyenye historia ndefu. Wapo wanaolalamika kwamba chuo kilichojengwa kwa jasho la Wanyarwanda kingekuwa na nafasi nyingi zaidi kwa Wanyarwanda. Malalamiko haya nayaelewa, ila siyakubali yote. Mhandisi hafundishwi kwa kipaza sauti. Nimefundisha hesabu na fizikia darasa la wanafunzi 60 kwa miaka mingi, na ninajua kinachowezekana na kisichowezekana mbele ya watu 60. Chuo kidogo kinachotoa watu waliokamilika kina faida kuliko kikubwa kinachotoa vyeti.

Wala fedha si ukuta wa kwanza, ingawa wengi tunadhani hivyo. Karo ni ya dola, na kwa mfanyabiashara wa mpakani kuisikia tu kunaumiza kichwa. Lakini tangu mwaka 2016 Mastercard Foundation imekuwa ikiwalipia wanafunzi wa chuo hicho wenye akili wasio na uwezo, na mwaka 2022 ulitangazwa ushirikiano wa dola milioni 275.7, ambazo sehemu kubwa ni mfuko wa kudumu wa chuo. Kwa hiyo mtu anayesema "sina fedha, sijaribu" anajifungia mwenyewe. Ukuta wa kwanza ni karatasi.

Zamani mlango ulikuwa mpana

Niruhusiwe kurudi nyuma kidogo. Mimi nilizaliwa Karagwe mwaka 1979, nikasoma shule ya msingi kwa Kiswahili na sekondari kwa Kiingereza hadi kidato cha pili. Tulirudi mwaka 1995, tukakaa Kibungo. Nikaingizwa darasa ambalo mwalimu anafundisha kwa Kifaransa, nikawa bubu mwaka mzima. Nilikuwa ninajibu maswali ya hesabu kwa kuandika ubaoni, kwa sababu namba hazina lugha.

Mwaka 1997 ilifunguliwa KIST, Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Kigali, katika majengo yaliyokuwa chuo cha kijeshi. Mkuu wake wa kwanza alikuwa Profesa Silas Lwakabamba, aliyekuwa amewahi kuongoza kitivo cha uhandisi cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Yaani hata aliyefungua mlango wa uhandisi hapa alitoka upande ule ule tuliotoka sisi. Nchi ilikuwa haina mafundi, haina wahandisi, wengi walikuwa wamekufa au wamekimbia. Waliojaa madarasani walitoka Kampala na Kiingereza chao, Bujumbura na Goma na Kifaransa chao, na sisi wa Tanzania na Kiswahili chetu ambacho hakuna aliyekihesabu. Taasisi ikawa inafundisha lugha pamoja na uhandisi. Na kazi ilionekana: majiko ya kuokea mikate na mitambo ya gesi ya kinyesi katika magereza ya Rwanda viliipatia KIST tuzo ya Ashden ya Uingereza, mwaka 2002 na 2005.

Mimi sikuingia KIST. Alama zangu hazikutosha, nikaenda KIE kusomea ualimu, na sijutii. Nalitaja hili kwa sababu moja tu. Wakati ule, mtu aliyekuja na lugha isiyofaa na cheti kilichoandikwa vibaya alipokelewa kwanza, halafu akarekebishwa akiwa ndani. KIST ilipounganishwa katika Chuo Kikuu cha Rwanda mwaka 2013, zama hizo zilikuwa zimekwisha. Sasa unatakiwa ufike ukiwa umesharekebishwa. Ni haki yao. Chuo cha uzamili hakiwezi kufundisha watu kuandika barua. Swali ni nani anamrekebisha huyu kijana kabla hajafika.

Na huyu kijana hakurudi 1995 kama mimi. Amerudi 2013. Wasomaji wa upande wa Kirehe na Kayonza hawahitaji kukumbushwa mwaka ule, maelfu walipoondolewa Kagera wakavuka daraja la Rusumo, wengine na ng'ombe, wengine na godoro tu, wakapangwa katika kambi za Kiyanzi na Rukara. Yeye alikuwa na miaka 11, ametoka darasa la tano la Kiswahili. Aliingia shule ya Rwanda ambako Kiingereza kilikuwa lugha ya kufundishia kufuatia uamuzi wa serikali wa Oktoba 2008. Watoto wa kundi lile ndio sasa wanamaliza vyuo vikuu. Kizazi cha pili cha kurudi kinagonga mlango, na sisi wa kizazi cha kwanza tumekaa kimya kana kwamba hatuijui njia.

Jina lako nani?

Turudi kwenye bahasha. Cheti cha kwanza kilikuwa cha shule ya msingi ya Kagera. Huko, kama tujuavyo, mtoto huandikwa jina lake, la baba na la babu. Huku Rwanda mtoto ana jina lake la Kinyarwanda na la ubatizo, la baba halimo. Isitoshe, R ya huku ikawa L kule. Matokeo yake kijana ana majina manne katika karatasi tano, na kitambulisho kina mpangilio wake. Matokeo ya chuo yanafuata cheti cha S6. Pasi ya kusafiria inafuata kitambulisho. Cheti cha mtihani wa Kiingereza kinafuata pasi. Mtu aliyeko ofisini akifungua faili hilo anaona watu wawili.

Nikiri kosa langu hapa. Nilipokuwa mwalimu wa darasa la S3, niliwahi kujaza orodha ya watahiniwa wa mtihani wa taifa kwa kunakili daftari la mahudhurio, na daftari lile niliandika mwenyewe kwa kusikia jina likitamkwa. Binti mmoja alinirudia miaka sita baadaye akiwa analia. Kosa la herufi moja. Kubadili jina kisheria kuna hatua zake na matangazo yake, haimalizwi kwa siku mbili, na msimu wa maombi haumsubiri mtu. Walimu wenzangu, orodha ile ya S3 ndiyo fomu ya kwanza ya chuo kikuu.

Karatasi ya pili ni ya lugha. Mwombaji ambaye Kiingereza si lugha yake ya kuzaliwa kwa kawaida hudaiwa cheti cha mtihani wa kimataifa, kama TOEFL, IELTS au Duolingo (masharti hubadilika, yasomwe ya mwaka husika). Kiswahili tunajivunia kwamba kimekuwa lugha rasmi ya Rwanda tangu 2017, na mimi nimefurahi kuliko wengi, lakini katika fomu hii hakimvushi mtu. Ada ya mtihani hulipwa kwa dola, kwa kadi ya benki, na nyumba nyingi za wafanyabiashara wadogo hazina kadi ya namna hiyo. Kijana alimlipa mtu mwenye kadi. Nashukuru mtu yule hakuwa mwizi.

Ya tatu ndiyo iliyomwangusha. Barua za wadhamini haziletwi na mwombaji mkononi kwa muhuri wa zambarau kama tulivyozoea kwenye sekta. Mdhamini mwenyewe hutumiwa kiungo kwa barua pepe na kuipeleka moja kwa moja. Mhadhiri aliyeombwa alisema ndiyo, kisha hakupeleka. Sitaki kumlaumu sana. Ana mamia ya wanafunzi na huyu alimwendea zikiwa zimebaki siku nne. Lakini pia katika vyuo vyetu kuna mazoea kwamba barua ya mwanafunzi ni hisani. Si hisani, ni sehemu ya kazi, kama kusahihisha mitihani.

Barua mbili zilizofika nazo alinionyesha nakala zake. Mojawapo ilisema kijana "ana nidhamu, anaheshimu wakubwa na hajawahi kuchelewa darasani". Nilicheka kwa uchungu, maana mwenyewe nimeandika barua kama hizo zaidi ya mia. Kwetu barua ya namna hiyo ni sifa. Kwa anayechagua wahandisi haina anachoweza kufanya nayo. Yeye anataka kujua: alipopewa tatizo gumu alifanyaje, alikosea wapi, alilitatuaje. Mhadhiri anayemwona kijana kwa mbali kwenye ukumbi hawezi kuyajua hayo. Kwa hiyo mwanafunzi anayetaka chuo cha namna hii amtafute mdhamini wake mwaka wa pili, si mwezi wa mwisho. Afanye naye mradi, amuulize maswali hadi amchoke.

Daftari la madeni

Kisha nikasoma maelezo yake binafsi, yale anayoeleza kwa nini anataka kusoma. Kurasa mbili. Ukurasa mzima wa kwanza ulikuwa juu ya kambi ya Kiyanzi, mvua, kufiwa na baba, shida ya karo. Yalikuwa ya kweli yote. Nilimuuliza:

"Kijana wangu, umewahi kutengeneza kitu gani?"

Akatazama chini. "Miradi ya chuo tu, Mwalimu."

Shangazi yake akaingilia. "Na ile uliyonitengenezea mimi ya madeni?"

"Ile si kitu, shangazi."

Nikaomba nioneshwe. Mama akatoa simu. Ni programu ya kuandikia wateja wanaokopa: nani, kachukua nini, lini, kwa fedha gani. Anayejua biashara ya Rusumo ataelewa mara moja. Mteja anachukua mchele kwa faranga, anarudi baada ya wiki tatu analipa kwa shilingi. Je, tunahesabu kwa bei ya siku aliyochukua au ya siku anayolipa? Ugomvi huu umevunja urafiki mwingi pale mpakani. Programu inaonyesha hesabu zote mbili, na wenyewe waliopatana siku ya kwanza huchagua moja, halafu haibadiliki tena. Jambo la pili lilinishangaza zaidi. Pale darajani simu hurukia mtandao wa nchi ya pili, unakatwa fedha za kuzurura bila kujua. Kijana aliliona hilo. Akaifanya programu ihifadhi kila kitu ndani ya simu, isubiri mpaka iuone mtandao wa Rwanda ndipo itume nakala. Wanawake sita wanaitumia, pamoja na mmoja wa upande wa Ngara ambaye aliomba ibadilishwe isubiri mtandao wa Tanzania.

Katika kurasa zake mbili hapakuwa na neno hata moja juu ya kitu hiki. Aliona aibu. Alidhani wahandisi wa Masoro wanataka kusikia habari za maroboti, na kwamba madeni ya mchele ni mambo ya shangazi. Wakati huo huo kambi ya Kiyanzi, ambayo hakuichagua wala hakuijenga, ndiyo aliyoiweka mbele.

Hapa ndipo ninapoona tofauti kati ya watoto wetu na wale wanaopita. Si akili. Kijana aliyesoma shule ambayo mwalimu wake anawajua watu waliosoma nje, au ambaye mjomba wake ni mhandisi, ameshaambiwa mapema kipi ni cha kusema. Anajua kwamba ombi ni hesabu ya kazi iliyofanywa. Na mchujo wenyewe sasa unaanza mapema: mwaka 2019 ilifunguliwa Rwanda Coding Academy kule Nyabihu, inayochukua watoto wachache walioshinda vizuri mtihani wa S3. Sipingi shule hiyo. Nasema tu kwamba mtoto aliyefika huku na miaka 11 akianza lugha upya hawezi kuwa wa kwanza S3, hata kama miaka minane baadaye atakuwa mhandisi kuliko wenzake.

Yapo yanayowezekana bila kusubiri bajeti. Vyuo vikuu vyetu vingetenga mtu mmoja kila kitivo wa kuhakiki majina, kueleza mfumo wetu wa alama kwa wageni, na kufuatilia barua za wadhamini zisizotumwa. Vyama vya wafanyabiashara wa mpakani, ambavyo vinakopeshana hadi fedha za harusi, vingeweza kuwa na kadi moja ya benki ya kulipia mitihani. Na wazazi, ninyi mnaojua kukagua kila karatasi ya forodha kwa sababu mnajua kosa moja linaushikilia mzigo siku tatu, kagueni vyeti vya watoto kwa jicho hilo hilo. Msisubiri S6.

Mama alikuwa na basi la kuwahi. Jumapili ni siku ya soko upande wa pili. Alipokuwa anatoka aliniuliza kama Wamarekani wakisoma habari za madeni yake watamdharau. Nikamwambia hatutaandika majina ya wadaiwa, naye akasema afadhali, maana mmoja ni mchungaji wa kanisa.

Kijana alibaki. Siku ya mwisho ya kupokea maombi bado iko mbali kiasi cha kutosha. Mhadhiri amepigiwa simu, amepokea, amekubali kukutana naye wiki ijayo akiwa na programu mkononi. Tulifungua kompyuta, tukaacha kurasa zile mbili kwanza. Tumeanza na jina.